Klabu ya Matanga Kilifi: Ukilipa Ada, Jiandae Kufanya Kazi

Mpeleke. Hilo ndilo jibu langu kwa kila mzazi anayeniuliza kama mwanawe akajifunze kuendesha boti za matanga kwenye klabu iliyo kando ya mkono wa bahari hapa Kilifi. Ila kabla hujatuma ada kwa M-Pesa, fahamu unanunua nini. Wengi hufika pale wakidhani wanalipia boti, kivuli cha mkwaju na soda baridi. Vyote hivyo vipo. Lakini unacholipia hasa ni jina lako kuandikwa kwenye orodha ya zamu, pamoja na majina ya watu ambao usingekutana nao mahali pengine popote. Anayetaka kuhudumiwa aende hotelini, na hoteli nzuri hazikosekani pwani hii. Anayetaka mtoto wake awe na watu wa kumwangalia majini, na yeye awe mmoja wa wanaowaangalia watoto wa wenzake, basi klabu hii inastahili pesa yake, pamoja na kasoro ambazo nitazieleza bila kuzipunguza.

Jina la klabu nitaliacha. Nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na wahusika ni watu tunaokutana sokoni na kwenye harusi. Mkaazi wa Kilifi ataitambua mapema tu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili, mzaliwa wa Takaungu. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua iliyobeba boriti kutoka Lamu kuja Mombasa, kwa hivyo tanga si kitu kigeni nyumbani kwetu. Kigeni kilikuwa klabu. Tulipokuwa wadogo tuliyaona yale matanga meupe kwa mbali tukivuka na feri ya Mnarani, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba sisi pia tungeweza kuingia. Niliingia nikiwa mama wa watoto, kwa sababu ya binti yangu mwenye miaka kumi, aliyeshinda dirishani kwa babu yake akiuliza kwa nini boti moja inakwenda kule upepo unakotoka na nyingine inashindwa.

Naanza na mafunzo ya watoto, maana hapo ndipo klabu inapong'ara. Boti wanazotumia ni Optimist: urefu wa mita 2.3, pua bapa, mlingoti mmoja, tanga moja, mtoto mmoja. Clark Mills aliichora mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, akitaka boti rahisi ambayo mzazi angeweza kuiunda mwenyewe kwa plaiwudi. Siku hizi ni za faiba, mwili wake una kilo 35, na watoto wanne huinyanyua kutoka mchangani bila kumwita mtu mzima. Mtoto huiendesha hadi afikishe miaka 15. Za klabu hii si mpya. Baadhi zina viraka juu ya viraka, na rangi ya matanga imefifia, lakini kamba zake ni nzima na kila boti ina vifuko vya hewa vilivyojazwa vizuri. Hivyo vifuko ndivyo mzazi anapaswa kuvikagua kwanza, maana ndivyo vinavyoizuia boti iliyopinduka isizame. Rangi ya tanga haina neno.

Mwalimu wa watoto ni msichana wa Mnarani aliyejifunza papo hapo klabuni akiwa mdogo. Siku ya kwanza hakumpandisha mtoto yeyote botini. Aliwasimamisha ufuoni, akawaambia wafumbe macho na wageuze uso polepole mpaka masikio yote mawili yausikie upepo sawasawa. "Sasa nyoosheni mkono mbele. Upepo unatoka wapi?" Mikono yote ikaelekea upande mmoja. Baada ya hapo alichora mchangani boti, alama ya upepo na njia ya kubisha, na akawaeleza kwa nini boti haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo, bali hukata pembe upande huu, kisha upande ule, kama tunavyopanda ngazi ya kuzunguka ya mnara wa msikiti. Nimefundisha pembe darasani muda mrefu, na sijawahi kuona wanafunzi wamezishika upesi hivyo.

Baba yangu alikuja siku iliyofuata na maswali yake. Akamwuliza mtoto mmoja joshi, upande upepo unakotoka, ni upi, na demani, upande unakokwenda, ni upi, na kusi likivuma yeye atarudi ufuoni kwa njia ipi. Mtoto akajibu yote, mwisho akasema, "Shikamoo babu, nilisahau." Baba akaitika marahaba, akanigeukia: "Mama, mwache mjukuu wangu hapa."

Kabla ya boti kuna mtihani wa kuogelea, kutoka gatini hadi boya la njano na kurudi, huku mtoto amevaa nguo zake na jaketi okozi. Hapa hawana mzaha. Mtoto wa mwanakamati mmoja alishindwa, akarudishwa kwenye darasa la kuogelea pamoja na wengine, na baba yake akanyamaza. Ukishapita mtihani huo unakuja ule wa kupindua boti. Mwalimu anaipindua makusudi mahali ambapo maji yanamfika yeye kifuani, na mtoto lazima ainyanyue peke yake. Kanuni ya kwanza ni kutoiacha boti. Mtoto anaishika, anapaza sauti kwamba yuko salama, anaogelea hadi kwenye ubao wa katikati unaotokeza nje, anauning'inia kwa uzito wake wote na kujirusha nyuma mpaka mlingoti uinuke majini. Kisha anapanda kutoka tezini, nyuma ya boti, na kufua maji kwa upo, ambao ni mtungi wa plastiki uliokatwa na kufungwa kwa kamba ndani ya boti ili usipeperuke.

Binti yangu aliogopa. Alikaa gatini siku nzima akiwatazama wenzake wakipinduka na kucheka, wala mwalimu hakumlazimisha. Alimpa kazi ya kushika kamba ya boti za wengine. Mwisho wa siku binti aliomba mwenyewe apinduliwe, jua likiwa limeshashuka nyuma ya mikoko. Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma bora ninayoweza kuiandika hapa: mtu mzima aliyejua lini asimsukume mtoto.

Wazazi wa Kiislamu huniuliza mambo mengine, nami nitayajibu wazi. Wasichana huruhusiwa kuvaa nguo ndefu za kuogelea, na mtandio uliobanwa hauna tatizo lolote. Mwalimu wao ni mwanamke. Baa ipo, iko upande wa juu wa jengo, na watoto hawapiti huko. Ijumaa mchana hakuna ratiba. Mwezi wa Ramadhani mashindano huhamishiwa asubuhi na umbali wa mzunguko hupunguzwa, jambo lililoombwa na wanachama wachache likakubaliwa kwenye mkutano mkuu bila mabishano. Pana chumba kidogo cha kuswalia nyuma ya stoo ya matanga, kisafi, kina mikeka na birika.

Jumamosi ni siku ya mashindano, na hapa mimi nimepata nafasi yangu. Watoto wana mbio zao za Optimist, ambazo hesabu yake ni nyepesi: wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, na mwenye pointi chache zaidi mwisho wa msimu ndiye mshindi. Wakubwa ndio wenye kazi. Kuna Laser, boti ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.23, iliyochorwa na Bruce Kirby na kuingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Kuna Hobie za miili miwili, ambazo upepo ukishika hupaa juu ya maji. Kuna na boti moja kuukuu ya mbao ambayo fundi wa klabu aliiokoa kutoka kwenye kichaka. Zote zinashindana pamoja, na haiwezekani mwenye Hobie na mwenye boti ile ya mbao wapimwe kwa kufika tu. Kwa hivyo hutumika hesabu ya Portsmouth: kila aina ya boti ina namba yake, ya kasi ina namba ndogo, ya polepole ina kubwa, na muda halisi wa kila mmoja hugawanywa kwa namba hiyo ili kupata muda uliosahihishwa.

Aliyekuwa akipiga hesabu hizo alihama, nikapewa meza, saa na daftari. Nilizipenda mara moja. Kijana mmoja wa boti ya mbao alifika wa mwisho kabisa siku moja, kila mtu ameshatoa boti majini, na hesabu ikampa nafasi ya pili. Mwenye Hobie akaja mezani akiwa amekasirika. Nikamwonyesha mstari kwa mstari, muda wake, namba yake, jibu lake. Naye akakaa, akarudia hesabu kwa kalamu yake, akampelekea kijana mkono. Tangu hapo hesabu zote tunazibandika ukutani, si majibu peke yake. Ningependa kila klabu ya michezo pwani ifanye hivyo. Watu hawagombani sana na jambo wanaloweza kulikagua wenyewe.

Kuanza kwa mbio pia kunafaa kutazamwa, hata kwa mgeni. Bendera ya kwanza na honi zikiwa zimebaki dakika 5, ya pili zikibaki 4, moja inashushwa ikibaki dakika 1, kisha mbio. Dakika hizo tano boti zote zinazungukazunguka nyuma ya mstari, kila mmoja akitafuta kuufikia mstari sekunde ileile ya honi, na haraka kidogo tu unarudishwa. Mwenye upepo wa mkono wa kulia ana haki ya njia. Wa mkono wa kushoto ampishe. Ukisikia mtoto wa miaka kumi na miwili anamwitia daktari wa meno "Nipishe!" na daktari anampisha, utaelewa kwa nini nasema watu wa pale wamelelewa vizuri na bahari.

Sasa zamu. Kila mwanachama, na kila mzazi mwenye mtoto katika mafunzo, lazima ashike zamu: kwenye boti ya uokoaji, kwenye boti ya waamuzi, gatini au jikoni. Orodha hubandikwa mwanzo wa msimu na hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi mmoja aliyetoka Nairobi alitaka kulipa ziada ili asishike zamu. Katibu alimrudishia pesa, akamweleza kwamba zamu haiuzwi. Wengine waliona ni ukali. Mimi naona hiyo ndiyo kanuni inayoishikilia klabu nzima, na siku wakiiondoa nitakuwa wa kwanza kusimama mkutanoni kupinga.

Sababu niliiona siku moja ya kusi, mwezi wa Julai. Ule mkono wa bahari una miinuko pande zote mbili, na upepo ukipita juu ya miinuko hiyo hushuka kwa mapigo, si kwa mfululizo. Pigo moja lilishuka na kupindua boti za watoto watano kwa wakati mmoja. Waliokuwa zamu ni muuguzi, mwendesha bodaboda na mzee mmoja Mwingereza ambaye watoto wote humwita Babu. Hakuna aliyepiga kelele. Walikwenda kwanza kwa mtoto aliyekuwa mbali zaidi na boti yake, wakamtoa, wakaenda kwa wa pili. Boti ziliachwa zikielea. Mtoto kwanza, boti baadaye. Maneno hayo yamepakwa rangi ndani ya boti ya uokoaji, na siku ile nilielewa yameandikwa kwa nini. Watatu kati ya watoto walikuwa wameshanyanyua boti zao wenyewe kabla uokoaji haujawafikia, na mmoja wao alikuwa binti yangu.

Jambo la pili linalowatia wasiwasi wazazi ni mkondo. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji yote hayo ya ndani lazima yapite chini ya daraja na kutoka kwenye mlango mwembamba wa bahari. Yakianza kupwa yanavuta kwa nguvu. Kwa hivyo siku za bamvua mbio za watoto humalizwa kabla ya saa kumi jioni, wakati maji yamejaa, na boti ya uokoaji huwekwa upande wa mlangoni. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kupita boya la mwisho. Mwalimu hubandika jedwali la maji kila wiki, na watoto ndio wanaotakiwa kulisoma na kuwaambia wazazi saa ya kuja. Baba yangu analisifu hilo kuliko kitu kingine chochote pale, yeye aliyejifunza maji kwa kuutazama mwezi.

Nyuma ya jengo pana banda la fundi. Fundi mwenyewe ni mzee aliyeunda dau na ngalawa maisha yake yote, anayejua kukalafati mbao kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, na sasa ameongeza faiba na gundi yake. Jumanne na Alhamisi jioni yeyote anaweza kwenda kumsaidia na kujifunza. Vijana wawili waliotoka hapo wanajitegemea, wanarekebisha boti za wavuvi na za watalii. Ukiwa na mwana aliyemaliza shule na hana kazi, mlete kwa mzee huyu kabla hujafikiria kitu kingine klabuni. Darasa hilo halina ada, na halimhitaji mtu kuwa mwanachama. Mwanafunzi atafagia sana mwanzoni.

Uhusiano na wavuvi si mkamilifu, lakini upo. BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wa hapo, huchagua watoto wa wavuvi wanaosomeshwa na klabu bila malipo, na boti ya uokoaji imeshawavuta wavuvi ufuoni injini zao zilipozima. Mwanzoni mwa Januari, kaskazi likiwa limetulia, klabu huandaa mbio za ngalawa na mashua. Hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Zawadi ni vitu vya kazi: nyavu, kamba za nailoni, kitambaa cha tanga. Ngalawa zinatoka Takaungu na Mnarani na Bofa, gogo lililochongwa na ndubi zake mbili, mabaharia wamesimama nje juu ya miti ya ndubi kuizuia isilale. Watoto wa Optimist hupangwa wawili wawili kuwa abiria kwenye mashua zilizokubali. Baba yangu aliombwa asimamie mstari wa kuanzia. Alivaa kanzu na kofia yake ya vito, akasimama kwenye boti ya waamuzi asubuhi nzima akizikosoa ngalawa moja moja. "Wale wamekaa tezini mno. Wale henza yao imelegea. Yule kijana anajua." Yule kijana ndiye aliyeshinda. Jioni ilipofika wavuvi, mabwana wa hoteli, walimu na watoto walikula kutoka kwenye sinia moja, na hiyo si picha ya kawaida katika mji huu.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi na chai ya tangawizi, vizuri sana, lakini saa nne vimekwisha. Mchana agiza wali wa nazi na samaki wa kupaka. Chipsi ziache, mafuta huwa yamechoka. Viazi karai na ukwaju ni vya watoto wakitoka majini, na sahani moja huwatosha wawili. Pweza wa nazi ni wa kusafiria, kwa sharti moja: mle siku za bamvua, wakati kina mama wanatoka mwambani asubuhi na pweza wabichi. Wiki ya maji mafu, bahari isipopwa sana, pweza anayepikwa pale ametoka kwenye friza.

Jioni, kuanzia Novemba hadi Machi, ndege waitwao keremkerem wekundu huja kwa makundi kulala kwenye mikoko ya ndani, na klabu hutoa boti moja ya makasia kwa wanachama kwenda kuwatazama. Usiku usio na mwezi kuna matembezi ya watoto, taa zote zimezimwa. Ukichovya kasia maji yanawaka rangi ya buluu. Hufanywa na viumbe vidogo sana vya baharini ambavyo hutoa mwanga maji yakitikiswa, na mwalimu huwaeleza watoto hivyo kabla ya kuondoka ili wasidhani ni mashetani. Binti yangu aliandika insha ya shule juu ya usiku huo na akanisomea mara nyingi kuliko nilivyomwomba.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni masharti ya uanachama. Ukitaka kujiunga kikamilifu, lazima wanachama wawili wanaokufahamu watie saini fomu yako, mmoja akupendekeze na mwingine aunge mkono. Mtu wa hoteli au daktari anawapata jioni moja. Rafiki yangu muuza samaki, ambaye watoto wake wawili wamefunzwa pale na kushinda vikombe, alisubiri kutoka kusi moja hadi kusi jingine kwa sababu hakujua amwombe nani, na hakuna aliyejitokeza kumsaidia. Mimi mwenyewe sikujua amekwama. Kanuni hiyo ilitungwa zamani kuchuja watu, na bado inachuja watu. Waiondoe. Mzazi aliyeshika zamu msimu mzima ameshapendekezwa na kazi yake.

Ada ya familia hulipwa yote kwa mpigo mwezi wa Januari, wakati uleule wa karo na sare za shule. Kwa mshahara wa mwalimu hilo linaumiza, na nimelazimika kuchanga tangu Septemba. Igawanywe kwa mihula mitatu na watapata wanachama zaidi, sina shaka. Matangazo ya mbio ubaoni yameandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika klabu ambayo watoto wanafundishwa kwa Kiswahili na wazazi wengi hawasomi kingine. Nimejitolea kuyaandika kwa Kiswahili kila wiki na kamati imesema italizungumza. Naisubiri.

Halafu kuna mambo madogo. Jaketi okozi za watoto wadogo ni chache na kubwa mno; nunua la mwanao, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, kwa sababu lisilo na mkanda huo hupanda usoni mtoto akiwa majini. Chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake hakina kitasa cha maana. Maji yakipwa sana, kutoka gatini hadi kwenye boti ni tope, na chaza walioshika mawe hukata miguu kama hujavaa viatu. Akina mama, vaeni viatu vya plastiki vilivyofungwa, si kandambili. Barabara ya kuingia ni ya mchanga na mvua ya Mei huiharibu, tuktuk nyingi zinakataa kufika hadi langoni.

Kwa wanaotaka kwenda kutazama tu kabla ya kuamua, mgeni wa siku hulipa langoni na kuandikwa kitabuni, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Chagua Jumamosi ya bamvua. Asubuhi maji yanakupwa kama saa nne, pweza wanaletwa, watoto wanapanga matanga mchangani. Saa saba boti zinaanza kushushwa, na mbio zinakwenda na maji yanayojaa. Usikae kwenye viti vya juu. Shuka gatini, muulize aliyeshika karatasi ya zamu kama anahitaji mtu wa kuvuta kamba. Atakupa kamba.

Na kama mtoto wako hajawahi kabisa kukaa botini, usimwandikishe likizo ya Agosti. Kusi la wakati huo ni kali na mwanafunzi mpya hushinda akipinduka badala ya kujifunza. Desemba asubuhi maji ya ndani yametulia, kaskazi huamka polepole kuelekea adhuhuri, na mwalimu hupokea kikundi kidogo. Nafasi hujaa mapema, fomu ziko kwa katibu. Kitindamimba wangu nimemwandikisha Desemba hiyo, na sasa tunamfundisha kuogelea.